Maziwa ya Gaduudo Hayachemshwi

Wanangu hunicheka kwa sababu sitoki jikoni maziwa yakiwa motoni. Naweza kuacha wali uungue, naweza kuacha simu ilie mpaka ichoke yenyewe, lakini sufuria ya maziwa siiachi. Wiki iliyopita niliiacha. Aliyebisha mlangoni alikuwa na maneno mengi, na niliporudi harufu ilikuwa imeshatanda, ile harufu tamu yenye uchungu kwa nyuma ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Nikakaa kwenye kigoda, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Binti yangu alidhani nimeungua mkono. Sikuwa nimeungua popote. Nilikuwa nimerudi Waberi, Garissa, nina miaka kumi, nimeubana mlango wa jiko kwa mgongo ili nyanya yangu asiingie.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka mvua ile. Sisi watoto wa ukame tulishangilia siku mbili za kwanza, tukaogelea barabarani na nguo zetu. Baada ya hapo ikakataa kukatika. Mto ulifura ukameza mashamba, barabara ya Nairobi ikakatika, ile ya kwenda Wajir ikawa tope la kumeza lori zima, na mji ukabaki kisiwa. Mama alikuwa amekwenda Tarbaj kwenye msiba wa baba yake. Alituaga kwa wiki moja tu. Mvua ikamfungia huko, na katika siku zote ninazozisimulia hapa hatukujua atarudi lini.

Nyumbani tulibaki watu watano. Baba alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba, lenye friza ya soda iliyogandisha vizuri siku ambazo stima ilikuwapo. Alikuwa mtu wa amani, maana yake alikimbia ugomvi wowote wenye wanawake wawili ndani yake. Mama yake, Ayeeyo wetu, alikataa kulala kwenye nyumba ya mawe. Alijijengea herio yake ya miti na mikeka uani, hatua chache kutoka kwa ng'ombe wake. Halafu kulikuwa na Habaryar Sahra, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka kambini Dadaab kutuangalia. Kabla ya vita alikuwa mfanyakazi wa mkahawa Mogadishu, mkahawa wa jalaato. Ndivyo tunavyoiita aiskrimu kwa lugha yetu, neno tuliloachiwa na Waitaliano. Tuliobaki ni mimi na mdogo wangu Yusuf, wa miaka miwili na nusu.

Ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu, mwekundu, na kwa wekundu wake akaitwa Gaduudo. Wenzake wote waliishia kwenye ukame. Ayeeyo alikuwa ametembea naye kutoka porini mpaka mjini, na nilivyosikia, siku za mwisho alimpa maji yake mwenyewe ya kunywa. Kila alfajiri alimkamua akimwimbia kwa sauti ya chini, maziwa yakaingia kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa vijiti vinavyowaka. Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi. Nikisema moshi msidhani ni ubaya. Mpaka leo maziwa ya pakiti naona ni maji yaliyopakwa chokaa.

Na palikuwa na sheria moja. Maziwa ya Gaduudo hayachemshwi. Ukiyatia motoni, Ayeeyo alituambia, umemtia motoni ng'ombe mwenyewe: kwanza kiwele kitakauka, kisha damu, kisha atalala asiinuke. Ya chai yalinunuliwa kwa akina mama waliokuja nayo sokoni. Ng'ombe wa watu wengine walichemshwa nyumbani kwetu kila asubuhi, na dhamiri ya Ayeeyo haikusumbuka hata kidogo. Lakini sasa mto ulikuwa umewazuia akina mama hao ng'ambo, tukawa tunakunywa chai ya rangi, na maziwa pekee yaliyokuwa uani kwetu yalikuwa ya Gaduudo.

Hapo ndipo Yusuf aliposhikwa na surua. Vipele vilikuja vikaondoka, lakini vidonda vikabaki mdomoni, ulimi mzima mpaka kooni. Akaacha kula. Nilikwenda na Ayeeyo kumpeleka hospitali, yeye amembeba mgongoni, mimi nimeshika mwavuli uliovunjika. Muuguzi alimpaka ile dawa ya zambarau, akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama.

"Shosho, huyu mtoto lazima ale," alisema.

Ayeeyo alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na hakukionea haya. "Maziwa iko. Mimi nabea yeye, yeye natema."

"Basi mpeni kitu baridi. Kiwe laini na kizito, kijiko kimoja kimoja. Chochote kitakachopita hapo kooni bila kumchoma. Akikaa hivi siku nyingine tatu, nne, tutampoteza."

Maneno hayo ya mwisho Ayeeyo hakuyaelewa, au alijifanya hakuyaelewa. Aliniuliza njiani amesema nini. Nikamwambia amesema Yusuf atapona. Ndiyo maana yule muuguzi alibaki kichwani mwangu peke yangu, kama mzigo uliofungiwa shingoni.

Habaryar nilimwambia ukweli. Alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama. "Baridi, laini, kizito," alirudia. Kisha akasema, "Jalaato. Mtoto anayekataa maziwa hakatai jalaato." Akaanza kuhesabu vitu kwa sauti. Kulikuwa na makopo sita ya maziwa mazito yenye sukari kwenye rafu ya baba, kulikuwa na iliki, chumvi na friza. Akaniambia kwamba Mogadishu walikuwa na mashine ya kuzungusha, lakini bibi mwenye mkahawa alimfundisha njia ya nyumbani isiyotaka mashine, inayotaka malai tu, malai mazito ya kusimamisha kijiko. Na malai, akasema, hutoka kwenye maziwa yaliyokaa motoni polepole nusu ya siku.

"Maziwa gani?" niliuliza.

Alikiangalia kile kibuyu cha Yusuf ambacho Ayeeyo alinikabidhi kila asubuhi, kilichokuwa kikirudi kimejaa.

"Ng'ombe akishakamuliwa hajui maziwa yake yamekwenda wapi," alisema mwishowe. "Wewe kazi yako ni kufunga mdomo na kufunga mlango."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Habaryar alijua vizuri kwamba uani pale yeye ni mgeni. Akifukuzwa na mama mkwe wa dada yake, njia ni moja tu, ya kurudi hemani. Lakini alimimina. Nilisikia maziwa yakigusa sufuria kavu.

Alitumia sufuria pana, makaa machache yaliyofunikwa majivu. Hakuruhusu yachemke, yalitakiwa yatetemeke tu pembeni. Hakukoroga, akanikataza hata kupumua juu yake. Utando ulikuja mwembamba, ukakunjamana, ukanenepa, ukageuka rangi ya siagi. Siku hiyo ya kwanza yalishika chini kidogo na harufu ikatoka. Habaryar akawasha uunsi haraka, jiko zima likajaa udi kama chumba cha bi harusi. Ndipo tuliposikia ndara za Ayeeyo.

"Mnafukiza jikoni?" aliuliza kutoka nje. "Mnamwozesha nani, sufuria?"

"Kuna panya amefia ndani, Eddo," Habaryar akajibu bila kutetereka. Eddo ndivyo alivyomwita Ayeeyo kwa heshima.

Nilikuwa nimeubana mlango kwa mgongo. Nilihisi kiganja cha Ayeeyo kikiusukuma mara moja, taratibu, kwa upande wa pili. Kisha kikaacha. Ndara zikaondoka. Nilikuwa nimetokwa na jasho mpaka miguuni, na hadi leo naweza kuhisi kile kiganja kati ya mabega yangu.

Maziwa yalipoozwa mpaka asubuhi yake. Habaryar akakusanya malai kwa kijiko, mazito, yenye vinundu, akayachanganya na maziwa ya kopo, iliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi, akayapiga kwa uma mpaka mkono ukamchoka. Akayamimina kwenye bakuli la bati, akabandika mfuko wa plastiki juu yake ili barafu isiote, akalificha chini ya soda. Baba aliliona. Alihamisha chupa mbili kulifunika zaidi, akarudi kwenye gazeti lake la mwezi uliopita.

Alasiri tulimpa Yusuf. Alifumba mdomo kama kawaida. Habaryar akampaka kidogo kwenye mdomo wa chini. Ulimi wa zambarau ukatoka, ukarudi. Tukangoja. Ulimi ukatoka tena. Alikula vijiko vinne, akalala usingizi wa kweli, na Habaryar akaenda kulia chooni ambako alidhani hatumsikii.

Siku ya tatu ya jalaato, Gaduudo alikohoa.

Wengine hawakusikia, au walisikia wakaona ni kikohozi cha mvua. Mimi nilisikia, kwa sababu nilikuwa nikimsikiliza. Siku ya nne kibuyu kilikuwa chepesi. Siku ya tano Ayeeyo aliniwekea mkono wangu kwenye kiwele akaniuliza kama naona kina joto. Nilikuwa mtoto niliyefundishwa jedwali la hesabu, nikafanya hesabu yangu: kila sufuria tunayoiweka jikoni inamwondolea Gaduudo kitu, na kitu hicho kinaingia kwa Yusuf. Sikuwa na shaka hata chembe. Niliona mashavu ya mdogo wangu yakijaa asubuhi, na mbavu za ng'ombe zikijitokeza jioni.

"Ni sisi," nilimwambia Habaryar. "Tunamchemsha."

"Ni mvua na mbu," alisema. "Ng'ombe wangapi wanaumwa mjini? Wote nimewachemsha mimi?"

Jibu hilo lilikuwa na akili, lakini halikunisaidia. Mjini hakukuwa na Ayeeyo mwingine aliyekaa tope mpaka vifundoni akimpangusa ng'ombe wake pua kwa shuka yake nzuri. Nilipomtazama nilifikiri jambo ambalo nililiona aibu: kwamba nyanya anampenda ng'ombe kuliko mjukuu. Na bado nikamhurumia zaidi kuliko nilivyomhurumia Yusuf.

Ndiyo maana asubuhi ya siku ya sita nilifanya nililolifanya. Ayeeyo alinipa kibuyu, kilikuwa nusu. Badala ya kwenda jikoni nilizunguka nyuma ya herio alikofungwa ndama wa Gaduudo, nikamimina yote kwenye beseni, nikamwacha anywe. Niliamini kwamba maziwa yakirudi kwa mwanawe, yatakuwa yamemrudia Gaduudo. Kisha nikamwambia Habaryar kuwa leo hayakutoka.

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Jalaato iliyobaki ilikuwa ya vijiko viwili, na Yusuf akaila kabla ya adhuhuri. Alipodai nyingine tulimpa uji, akaulilia. Tukampa sukari na maji, vidonda vikamchoma, akatema damu kidogo. Jioni hakudai tena kitu. Alikuwa amelala macho nusu, yale macho niliyoyaona hospitali. Habaryar akamfinya ngozi ya tumbo kama alivyofanya muuguzi. Akaiachia. Tukaiangalia wote wawili jinsi ilivyochelewa kurudi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Ayeeyo kabla hajakamua. Sikujipanga cha kusema. Nilisema yote kwa mkupuo: muuguzi, siku tatu nne, jalaato, malai, uunsi, panya ambaye hakuwapo, na jana, ndama. Nikasema sisi ndio tuliomuua Gaduudo, na sasa mimi nimemuua na Yusuf. Haya yote kwa Kisomali, bila shaka, na kwa kwikwi.

Ayeeyo hakuniangalia. Alikuwa ameuegemeza uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mgongo wa wote wawili.

"Muuguzi alisema hivyo siku ile?" aliuliza. "Kwamba tutampoteza?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukanificha."

Nilingoja kofi. Ayeeyo alichuchumaa, akaanza kukamua. Hakuimba. Alikamua chuchu zote nne mpaka zikatoa hewa, na chini ya kibuyu mlikuwa na maziwa ya kujaza vikombe viwili, pengine vitatu. Akainuka akishika kiuno, akanipita, akaelekea jikoni. Nilimkimbilia nyuma nikijua Habaryar amekwisha.

Habaryar alikuwa amesimama katikati ya jiko, shuka begani, tayari kwa lolote. Nadhani hata mzigo wake alikwisha kuufunga moyoni. Ayeeyo aliivuta ile sufuria pana kutoka chini ya meza tulikokuwa tukiificha. Aliijua ilipo. Akaiweka kwenye jiko, akasema "Bismillahi," akamimina maziwa mwenyewe.

"Moto unatakiwa wa namna gani?" aliuliza.

Habaryar aliitazama sufuria, kisha akamtazama yeye.

"Nakuuliza, Sahra. Mimi sijawahi. Moto wa namna gani?"

"Mdogo, Eddo," Habaryar akasema. "Mdogo kabisa. Yasichemke."

Ayeeyo akachuchumaa mbele ya jiko akaanza kufunika makaa kwa majivu, kaa moja moja. Alikaa hapo mpaka adhuhuri ikapita. Utando ulipoanza kukunjamana, nilimwona akiziba masikio kwa viganja kwa muda, kisha akaviondoa. Alikuwa akisikia kitu ambacho sisi hatukukisikia. Nilitaka kumshika, sikuthubutu.

Hatukuwa na muda wa kupoza mpaka kesho. Habaryar alikalisha sufuria kwenye maji ya mvua, akaokota malai yale machache, akatumia kopo la mwisho. Bakuli likaingia kwenye friza, na dakika chache baadaye stima ikapotea. Baba alipanga soda baridi kulizunguka bakuli, akafunga kifuniko, akakikalia. Mtu yule aliyekimbia ugomvi wote alikaa juu ya friza ile saa nzima akikataa kuuzia watu, mpaka stima iliporudi na friza ikaanza kunguruma chini yake.

Haikuganda vizuri. Ilikuwa uji mzito wa baridi, na nilipoonja ncha ya kijiko ilikuwa na ladha ya moshi wa kibuyu. Ayeeyo alimweka Yusuf mapajani, akachovya kidole chake cha shahada, kile kile cha kukamulia, akampaka mdomoni. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Mara ya pili hakikutokea kitu. Ayeeyo hakuharakisha. Mara ya sita au ya saba, ule ulimi wa zambarau ulitoka ukakilamba kidole.

Gaduudo alilala siku ya pili yake na hakuinuka. Baba alitaka kumchinja kabla hajafa. Ayeeyo alisema huyo hageuzwi nyama. Alikaa naye mpaka mwisho, na alipokufa alimfunika kichwa kwa ile shuka nzuri. Yusuf alikula uji wiki hiyohiyo. Mama alifika baada ya barabara kufunguka, akamkuta mwanawe akimfukuza ndama, akauliza kwa nini amekonda hivyo. Ayeeyo akamwambia ni surua tu. Habaryar hakurudi kambini, alikaa nasi mpaka alipoolewa, na hakuna siku Ayeeyo alilitaja jambo lile mbele yake.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nyumbani likizo ya chuo, na kijana mmoja daktari wa mifugo akapita Waberi akichanja mbuzi. Nilikuwa nimengoja nafasi hiyo tangu utotoni. Nilimweleza dalili zote mbele ya Ayeeyo, nikamwomba amwambie. Akaeleza vizuri sana, kwa heshima. Alisema ulikuwa ugonjwa wa mbu waliozaliwa na ile mvua, na uliua mifugo wengi. Kuchemsha maziwa hakumdhuru ng'ombe. Tena mwaka ule waliochemsha walijikinga wao wenyewe. Nilimtazama Ayeeyo nikitaka kuona mzigo ukimtoka.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akamwombea dua. Kisha akamgusa mkono.

"Habana, daktari," alisema. "Wewe nasoma fitabu, lakini hiyo ng'ombe mimi najua. Hiyo ng'ombe mimi ndiyo ilibika." Akavuta pumzi. "Na kama ni leo, nabika tena."

Yusuf alikuwa pale, kijana mrefu mwenye ndevu za kwanza, amemshika mbuzi pembe ili achanjwe.

"Ng'ombe gani?" aliuliza.

Ayeeyo akamwambia amshike mbuzi vizuri.